Kufunga Propela: Historia ya Kiungo Kidogo katika Ndege za Kujiundia

Propela ya ndege ndogo hushikiliwa na vitu vichache: kitovu cha chuma au flenji iliyo mwisho wa shafti, bolti sita au nane, sahani ya mbele inayogandamiza mbao, na waya mwembamba unaozuia bolti zisijifungue. Vitu hivyo hupitisha nguvu yote ya injini, huivuta ndege nzima angani, na huiweka propela katikati barabara ili isitikisike. Katika ndege ya kiwandani wahandisi huvichagua mara moja, wakaviandika katika hati za ndege, na fundi hana ruhusa ya kuvibadili apendavyo. Katika ndege ya kujiundia uchaguzi ni wa muundaji mwenyewe. Kwa zaidi ya miaka mia moja uchaguzi huo umetawaliwa na injini iliyopatikana kuliko kitu kingine chochote. Aliyepata injini ya gari alilazimika kubuni kitovu, na aliyepata injini iliyoachwa na jeshi alirithi shafti yake pamoja na matatizo yake.

Ndege ya kwanza kuruka kwa nguvu ya injini ilikuwa yenyewe ndege ya kujiundia, na nusura ikwamishwe na kiungo hiki. Wilbur na Orville Wright, mafundi wa baiskeli wa Dayton, Ohio, waliweka injini moja ya nguvu za farasi 12 juu ya bawa la chini na kuzungusha propela mbili za mbao zilizokuwa nyuma ya mabawa. Nguvu ilipita katika cheni na sproketi, mtindo ambao mafundi wa baiskeli waliujua vizuri. Cheni moja ilipindwa umbo la nane ili propela mbili zizunguke pande tofauti. Sproketi zilifungwa kwenye shafti za bomba la chuma, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Tarehe 5 Novemba 1903, kule Kill Devil Hills, North Carolina, injini ilijaribiwa ikawa inawaka kwa kukwamakwama. Mishtuko ile ililegeza na kuharibu shafti za propela. Zikarudishwa Dayton kwa fundi wao, Charlie Taylor, akazitengeneze.

Shafti zilirudi tarehe 20 Novemba. Injini ilipowashwa, sproketi zililegea tena, na kila zilipokazwa zikalegea upya. Dawa ikapatikana katika duka la baiskeli: gundi ngumu ya kubandikia matairi kwenye rimu. Waliiyeyusha kwa moto, wakaimimina katika hesi, na tangu hapo sproketi hazikulegea. Ila nguvu iliyokuwa ikipotea kwenye kulegea sasa ilikwenda kwenye shafti yenyewe. Tarehe 28 Novemba ufa ulionekana katika mojawapo ya zile shafti za bomba. Orville alisafiri hadi Dayton na kutengeneza nyingine za chuma cha springi, nyembamba zaidi na zisizo na uwazi ndani, zenye uwezo wa kujisokota kidogo na kumeza mshtuko. Alirudi tarehe 11 Desemba, na tarehe 17 ndege iliruka. Katika wiki hizo sita mambo yote makubwa ya mada hii yalikwisha jitokeza: injini ya pistoni haizungushi kwa utulivu bali hupiga, kinachopigwa hulegea, na kikizuiwa kulegea bila kupewa unyumbufu hupasuka.

Wafaransa walikwenda njia fupi zaidi. Waliiweka propela moja kwa moja kwenye ncha ya kranki ya injini, bila cheni wala sproketi. Louis Blériot alipovuka mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza tarehe 25 Julai 1909, alitumia injini ya Anzani ya silinda tatu na nguvu za farasi 25 hivi, pamoja na propela ya Lucien Chauvière. Chauvière aliunganisha mbao za mjozi kwa gundi, ubao juu ya ubao, kisha akachonga. Propela ya namna hiyo ina kitovu kinene cha mbao, na kitovu hicho kinaweza kutobolewa tundu la shafti katikati na matundu ya bolti kulizunguka. Umbo hilo ndilo waundaji wa ndege za mbao wangali wanalitumia.

Wakati huohuo Alberto Santos-Dumont, Mbrazili aliyeishi Paris, aliruhusu yeyote aunde kijindege chake cha Demoiselle bila malipo, na michoro yake ikachapishwa katika gazeti la Popular Mechanics la Marekani mwaka 1910. Huo ulikuwa mwanzo wa desturi ya kununua mchoro na kuunda ndege nyumbani. Michoro ya zama zile ilieleza mabawa kwa undani na kupita kasi juu ya kitovu cha propela, kana kwamba ni jambo ambalo mhunzi yeyote angelimaliza kwa mchana mmoja.

Kufikia Vita vya Kwanza vya Dunia namna moja ilikuwa imeenea: shafti ya koni. Ncha ya kranki ilichongolewa kidogo, na kitovu cha chuma chenye tundu la koni hiyohiyo kikasukumwa juu yake na kukazwa kwa nati kubwa. Kipande kidogo cha chuma, kii, kilikaa katika mfereji uliochongwa nusu kwenye shafti na nusu kwenye kitovu. Kitovu kilikuwa na sahani ya nyuma iliyoungana nacho na sahani ya mbele iliyotoka, na propela ya mbao ilibanwa katikati kwa bolti. Wengi huamini kwamba kii ndicho kinachoizungusha propela. Kazi kubwa hufanywa na mbano wa koni mbili, na kii kikiachiwa mzigo peke yake hukatika au hupasua mfereji wake.

Kwa hiyo fundi mzuri hupima mgusano kabla ya kukaza. Hupaka shafti utando mwembamba wa rangi ya bluu ya kufanyia alama, husukuma kitovu mahali pake, hukitoa, kisha hutazama ndani yake. Bluu ikiwa imeenea walau katika asilimia 70 ya uso wa tundu, koni zinakubaliana. Ikiwa imeshika ukingoni tu, kitovu kinasimama kwenye pete nyembamba, kitacheza kidogo kila injini inapopiga, na baada ya saa kadhaa shafti itakuwa na alama za kutu nyekundu na ufa usioonekana kwa macho. Ndani ya kitovu kuna pia pete ya springi mbele ya nati. Nati inapofunguliwa huigandamiza pete hiyo na kukivuta kitovu kitoke kwenye koni. Aliyesahau kuirudisha pete huligundua kosa lake siku ya kukifungua kitovu, anapobaki na nyundo mkononi mbele ya kranki ya bei kubwa.

Injini zilipokua, koni haikutosha. Baada ya vita vile, injini kubwa zilipewa shafti za meno marefu yanayoingia katika meno ya kitovu, huku kitovu kikiwekwa katikati kwa koni mbili, ya nyuma ya shaba nyeusi na ya mbele ya chuma iliyokatwa nusu mbili. Chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, kiliweka vipimo vyenye namba, na kitovu cha kiwanda kimoja kikaweza kuingia kwenye shafti ya kiwanda kingine. Propela za aluminiamu nazo zikaingia. Ndege ya Charles Lindbergh ilivuka Atlantiki mwaka 1927 ikiwa na propela ya chuma hicho ambayo mapanga yake yaliweza kugeuzwa pembe ikiwa chini. Muundaji wa nyumbani hakuguswa sana na hayo. Meno yalihitaji mashine ambazo hakuwa nazo, na propela ya chuma ilimzidi bei. Yeye alibaki na mbao.

Mbao ndiyo iliyoamua karibu kila kitu kuhusu bolti za propela, na hapa panastahili kukaa kidogo. Anayeitazama propela ya mbao iliyofungwa kwa bolti sita hudhani kwamba bolti ndizo zinazosukuma mbao izunguke, kama misumari. Ingekuwa hivyo, mbao ingeharibika mapema mno, maana matundu yangetanuka kwa kila pigo la pistoni. Kinachofanya kazi ni msuguano. Bolti huvuta sahani ya mbele kuelekea flenji ya nyuma, mbao hubanwa katikati, na uso wa nyuma wa kitovu hung’ang’ania uso wa flenji. Mbano ukitosha, bolti hazipokei msukumo wa pembeni hata kidogo.

Hesabu ya injini ya Continental A-65 inaonyesha ukubwa wa kazi hiyo. Injini hiyo hutoa nguvu za farasi 65 kwa mizunguko 2,300 kwa dakika, sawa na torki ya wastani ya nyutoni-mita 200 hivi. Bolti zikiwa sentimita 5.6 kutoka katikati, msuguano unapaswa kuzuia msukumo kama wa uzito wa kilo 370. Huo ni wastani tu. Injini ya silinda nne hupiga mara mbili kwa kila mzunguko. Katika pigo torki hupanda mara kadhaa juu ya wastani, na katikati ya mapigo hushuka hata propela ikawa ndiyo inayoivuta injini. Kiungo basi husukumwa mbele na kurudishwa nyuma maelfu ya mara kwa dakika. Mbano usipotosha, mbao hujongea sehemu ndogo ya milimita, ikarudi, ikajongea tena, na msuguano uliokuwa rafiki unageuka moto. Mafundi waliofungua propela za namna hiyo walikuta uso wa nyuma wa kitovu umeungua mweusi kama mkaa, matundu ya bolti yamekuwa ya yai, na bolti zenyewe zimekunwa. Kutoka hatua hiyo hadi bolti kukatika moja baada ya nyingine si mbali, na propela iliyokatika bolti zake huondoka yenyewe.

Kukaza kupita kiasi si suluhisho. Mbao ikigandamizwa kuliko nguvu yake, nyuzi huvunjika chini ya sahani na kitovu hubonyea, na mbao iliyobonyea haisukumi tena kuelekea nje. Bolti iliyokazwa kwa nguvu kubwa asubuhi inaweza kuwa haibani chochote wiki ijayo. Ndiyo sababu sahani ya mbele si pambo. Hueneza mbano juu ya uso wote wa kitovu badala ya kuuacha chini ya washa sita ndogo.

Mbao pia hunywa na kutoa unyevu. Msimu wa mvua kitovu huvimba na kuongeza mbano, na msimu wa kiangazi husinyaa na kuupunguza, hali bolti hazijaguswa na mtu. Propela iliyochongwa katika nchi ya baridi na unyevu ikasafirishwa hadi nchi kavu italegea hata ikikaa bila kuruka. Ndege za Gipsy Moth za kampuni ya Wilson Airways, iliyoanza kazi Nairobi mwaka 1929, zilikuwa na propela za mbao zilizotoka Uingereza, na ndege iliyofanya safari kati ya hewa kavu ya bara na unyevu wa pwani ya Mombasa iliiweka mbao yake katika mtihani huo kila ilipopanda na kushuka. Kutokana na hali hiyo ikajengeka desturi ambayo wachongaji huiandika katika karatasi inayofuatana na propela: kazo lipimwe kwa spana ya torki baada ya safari ya kwanza, tena baada ya saa chache za mwanzo, mara nyingi 25, kisha kila baada ya saa 50 au hali ya hewa inapobadilika. Kiasi cha torki hakichukuliwi katika jedwali la jumla la bolti. Jedwali hilo huandaliwa kwa ajili ya kukaza chuma juu ya chuma, na likitumika hapa mbao hupondeka.

Maarifa hayo hayakuwa katika vitabu wakati waundaji wa Marekani walipoyahitaji zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 injini za ndege zilikuwa ghali na injini za gari zilijaa kila kijiji. Bernard Pietenpol, fundi wa Cherry Grove, Minnesota, alichukua injini ya Ford Model A, yenye nguvu za farasi 40, akaiweka katika ndege yake ya Air Camper mwaka 1929. Mhariri wa gazeti moja la ufundi alikuwa ameandika kwamba injini ya gari haiwezi kurusha ndege ya maana, na Pietenpol akamjibu kwa kumpelekea ndege mlangoni. Mchoro wake ukachapishwa katika kitabu cha Flying and Glider Manual cha 1932, na hadi leo kuna watu wanaoiunda ndege hiyo.

Injini ya Ford haikuwa na mahali pa propela. Ilikuwa na flaiwili. Pietenpol aliigeuza injini, upande wa flaiwili ukatazama mbele, na kitovu cha propela kikafungwa kwenye flenji ile iliyokuwa ikishika flaiwili. Ulikuwa uamuzi wa busara. Upande huo wa kranki ndio ulioundwa kupitisha nguvu yote ya gari, una bolti zake tayari na beringi nene nyuma yake. Kilichokosekana ni kitu cha kupokea mvuto wa propela kuelekea mbele, kwa sababu kranki ya gari husukumwa kwa urefu wake pale tu dereva anapokanyaga klachi. Kwa hiyo waundaji waliongeza beringi ya kuzuia kranki isivutwe kutoka mahali pake. Mfumo huo ulikuwa mzito na wa mwendo wa polepole, na polepole hiyo ndiyo iliyouokoa. Injini ilizunguka chini ya mizunguko 2,000 kwa dakika ikiendesha propela ndefu, na mapigo yake yalikuwa laini kuliko ya injini ndogo zinazokimbia.

Ulaya, Henri Mignet wa Ufaransa alirusha ndege yake ya Pou-du-Ciel mwaka 1933, akatoa kitabu mwaka uliofuata, na maelfu ya watu wakaanza kukata mbao. Kosa la mabawa lilisababisha vifo na ndege hiyo ikapigwa marufuku Ufaransa na Uingereza mwaka 1936. Marekani mlango ulifungwa kwa sheria. Baada ya sheria ya usafiri wa anga ya 1926 na kanuni za majimbo zilizofuata, ndege isiyo na cheti haikuwa na ruhusa karibu kokote isipokuwa Oregon. Ni baada ya Vita vya Pili, baada ya George Bogardus wa Oregon kurusha kijindege chake cha Little Gee Bee hadi Washington mwaka 1947 kuwashawishi wakuu, ndipo kundi la ndege za kujiundia lilipotambuliwa rasmi. Mwaka 1953 Paul Poberezny akaanzisha chama cha waundaji wa ndege, EAA, huko Milwaukee, na mwaka 1955 makala yake kuhusu kuunda ndege ya Baby Ace kwa chini ya dola 800 katika gazeti la Mechanix Illustrated ikaleta wanachama kwa wingi.

Dola 800 ziliwezekana kwa sababu ya mabaki ya vita. Majeshi ya Marekani ya nchi kavu na ya majini yalikuwa yamekubaliana vipimo vya pamoja vya vifaa, na bolti zenye herufi AN zilibaki katika maghala kwa mamilioni. Ziliuzwa kwa kilo. Bolti hizo zina utaratibu rahisi: namba ya kwanza ni kipenyo kwa sehemu za kumi na sita za inchi, hivyo AN6 ni inchi 3/8, milimita 9.5, na urefu wa sehemu isiyo na hesi huongezeka kwa hatua za inchi 1/8. Chuma chake si kigumu kupita kiasi, kwa hiyo hupinda kabla ya kuvunjika, tofauti na bolti nyingi za dukani zinazoweza kuwa na nguvu kubwa kwenye karatasi na bado zikakatika ghafla. Bolti za propela hutobolewa kichwani ili waya upite.

Urefu ule wa hatua za inchi 1/8 ndio mtego mkubwa wa kazi hii. Kitovu cha mbao cha mchongaji mmoja kinaweza kuwa na unene wa milimita 90, cha mwingine 100, na propela ya aluminiamu ni nyembamba zaidi ya hizo. Muundaji anayebadili propela na kubaki na bolti zilezile, zikiwa ndefu mno, huzikaza hadi sehemu isiyo na hesi inapogonga mdomo wa tundu la hesi katika flenji. Spana ya torki husoma kiasi kinachotakiwa, kila kitu huonekana sawa, na mbao haijabanwa hata kidogo. Zikiwa fupi, hesi chache tu ndizo zinazoshika. Dawa ni kupima unene wa kitovu, sahani na washa kwa pamoja, kuchagua hatua iliyo karibu, na kurekebisha tofauti kwa washa moja au mbili. Kisha bolti hufungwa waya mbilimbili, na waya hupindwa upande ambao bolti moja ikitaka kulegea itaivuta mwenzake ikaze. Pale bolti zinapopita hadi nyuma na kushikwa na nati, nati za mapengo na spliti-pini hufanya kazi hiyo.

Injini nazo zilitoka katika maghala na katika ndege chakavu. Piper J-3 Cub zilikuwa zimetengenezwa karibu 20,000, na nyingi zilikuwa na A-65 ya shafti ya koni. Kwa miaka mingi kitovu cha koni kikawa kitu cha kutafutwa, maana injini ilipatikana bila kitovu au kitovu bila pete yake. Waliobahatika walipata injini yenye herufi F mwishoni mwa jina, alama ya flenji. Flenji hufuliwa pamoja na kranki, haina koni, kii wala nati kubwa. Vipimo viwili vya SAE vilitawala: kidogo, chenye bolti sita za inchi 3/8 katika duara la inchi 4 na 3/8, kwa injini kama Continental za nguvu za farasi 65 hadi 100, na kikubwa cha duara la inchi 4 na 3/4, kinachoonekana katika Lycoming za O-320 na O-360. Ndani ya matundu ya flenji hukaa vikombe vya chuma vinavyochomoza mbele na kuingia katika matundu yaliyopanuliwa nyuma ya propela. Vikombe hivyo ni akiba: msuguano ukishindwa, wao hupokea msukumo kwa muda. Muundaji aliyeamini kwamba vikombe vinamruhusu kukaza ovyo alirudi kwenye matundu ya umbo la yai.

Injini ya Volkswagen Kobe ilirudisha tatizo la Pietenpol kwa sura nyingine. Roger Druine wa Ufaransa aliitumia katika ndege yake ya Turbulent miaka ya 1950, na baadaye Ken Rand wa Marekani katika KR-1 na KR-2. Ni nyepesi, hupozwa kwa hewa, na ilipatikana kila mahali. Ila waundaji wengi walifunga propela upande wa puli, si upande wa flaiwili. Upande wa puli ni mwembamba, una kii kidogo na bolti moja katikati, na uliundwa kuzungusha mkanda wa feni. Ukitundikiwa propela, kila ndege inapogeuka propela hukataa kugeuka kama gurudumu linalozunguka linavyokataa kupindwa, na shingo ile hupindishwa huku na huku. Kranki zilivunjika. Majibu yaliyotolewa yalikuwa matatu: kitovu kinachopashwa moto na kuvalishwa kikiwa kimetanuka kisha kikajibana kinapopoa, beringi kubwa zaidi upande wa puli, au kugeuza injini na kurudi kwenye upande wa flaiwili. La tatu ndilo lenye mantiki zaidi ya kiufundi, ingawa hudai mabadiliko mengi zaidi ya fremu, na Pietenpol alikwisha lichagua miaka arobaini mapema.

Ndege za Burt Rutan, VariEze ya 1975 na Long-EZ ya 1979, zilileta kiungo kipya kati ya flenji na propela. Injini ilikuwa nyuma, propela ikisukuma, na ili umbo la nyuma liwe jembamba propela ilisogezwa mbali kwa kipande cha aluminiamu. Kipande hicho kiliongeza seti ya pili ya bolti, na kila sentimita ya urefu wake iliongeza nguvu ya kupinda kranki. Kikitengenezwa bila usahihi, kosa dogo kwenye uso wake huonekana kubwa kwenye ncha za propela. Ndiyo maana waundaji hupima mfuatano wa ncha: kiti au kigingi huwekwa karibu na ncha ya panga moja, propela hugeuzwa kwa mkono, na panga la pili lazima lipite palepale kwa tofauti ya milimita moja au mbili. Tofauti ikizidi, mara nyingi kosa ni takataka au ukingo wa rangi chini ya kitovu.

Hatari ya kutolingana ilionekana wazi mwaka 1986 katika ndege ya Voyager, iliyobuniwa na Rutan huyohuyo kuzunguka dunia bila kutua. Mwezi Septemba, katika safari ya majaribio, panga moja la propela ya mbele lilikatika. Injini ilitikisika kiasi cha kukaribia kung’oka katika fremu yake kabla marubani hawajaizima na kutua. Propela za aluminiamu zilitengenezwa haraka kuchukua nafasi ya zile, na ndege ikamaliza mzunguko wake mwezi Desemba katika siku tisa.

Rotax 912 ya Austria, iliyoanza kupata vyeti mwishoni mwa miaka ya 1980, ndiyo injini iliyobadilisha tena masharti. Huzunguka zaidi ya mizunguko 5,000 kwa dakika na kupunguza kasi kwa giaboksi, kwa uwiano wa 2.27 au 2.43. Propela haishikwi tena na kranki. Hushikwa na shafti ya giaboksi, na mapigo hupunguzwa njiani. Flenji yake ina matundu ya duara tatu tofauti: milimita 75, milimita 80, na inchi 4 ambazo ni milimita 101.6. Tofauti kati ya 75 na 80 haionekani kwa jicho, na aliyetoboa kitovu kwa kipimo kisicho sahihi hulazimika kununua propela nyingine, kwa sababu matundu mapya huangukia ukingoni mwa yale ya zamani.

Mapanga ya nyuzi za kaboni yanayoshikwa katika kitovu cha aluminiamu cha nusu mbili yamechukua nafasi kubwa ya mbao kwenye injini hizo. Hayavimbi kwa mvua wala hayasinyai kwa jua, na bolti zake hukaza chuma juu ya chuma, kwa hiyo torki inayotajwa na mtengenezaji huwa kubwa na haibadiliki kwa misimu. Yana sharti lake: mizizi ya mapanga hushikwa na kitovu kwa mbano, na pembe ya kila panga hupimwa kwa kipima-pembe wakati bolti za kitovu zingali zimelegezwa nusu. Bolti zikikazwa upande mmoja kwanza, panga hujigeuza kidogo na kipimo hupotea. Hukazwa basi kwa awamu, kwa kuvuka kutoka upande hadi upande, pembe ikipimwa tena kila awamu. Wanaoendelea kuunda Air Camper na Baby Ace hawahitaji kipima-pembe. Wao huendelea kununua mbao iliyochongwa, kwa mfano kutoka kwa kampuni ya Sensenich, iliyolifanya jambo hilo kuwa biashara huko Pennsylvania mwaka 1932, na kila propela mpya ya mbao huja na karatasi ya torki iliyoandikwa kwa ajili ya kitovu hicho.